Tumbo la Operesheni ya Kidole Tumbo Linaposumbua Tena: Kusubiri, au Kurudi Kwenye Kisu?

Mtu alitolewa kidole tumbo zamani, pengine tangu yuko skuli. Kovu limeshapauka na mwenyewe ameshasahau. Kisha tumbo linamrudia, na nyumbani kinakaa kikao. Upande mmoja unataka apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, akafunguliwe waone kuna nini. Upande wa pili, mara nyingi wa wazee, unasema kisu kilichoingia mara ya kwanza ndicho kilichoharibu, kisiingie tena. Kila upande unaweza kuwa na haki, na kila upande unaweza kumponza mgonjwa, kwa kuwa wote wanabishana juu ya kisu na ugonjwa wenyewe haujajulikana.

Madhara ya operesheni ya kidole tumbo yanayokuja kwa kuchelewa si ugonjwa mmoja. Utumbo unaweza kushikamana na kuziba. Ukuta wa tumbo unaweza kuachia pale penye mshono, ikawa henia. Uzi unaweza kukataliwa na mwili ukatunga usaha miezi mingi. Kipande cha kidole tumbo kilichobakizwa kinaweza kuvimba, au jipu likajificha ndani. Na lipo kovu linalouma tu, lisilo na chochote nyuma yake. Kwa utumbo ulioziba, subira yenye uangalizi ndiyo tiba ya kwanza. Kwa henia, subira ndiyo inayoikuza. Kwa uzi, vidonge havitasaidia hata ukivimeza mwaka mzima. Ndiyo maana swali la "tupasue au tusipasue" linakuja la pili.

Kwanza ijulikane ni lipi

Lala chali, onyesha kwa kidole kimoja pale panapouma, kisha nyanyua kichwa na mabega bila kujiinua kwa mikono. Misuli ya tumbo itakakamaa. Daktari akibonyeza palepale na maumivu yakazidi, chanzo kiko kwenye ukuta wa tumbo: kovu, mshipa wa fahamu ulionaswa, au henia ndogo. Maumivu yakipungua, chanzo kiko ndani zaidi, maana misuli iliyokaza imekikinga na kidole cha daktari. Kipimo hiki kina jina la Carnett, daktari wa Marekani aliyekieleza mwaka 1926. Hakina mashine wala risiti, na pengine ndiyo sababu hurukwa, mgonjwa akatumwa altrasaundi kabla hajaguswa.

Uvimbe unaojitokeza ukikohoa na kurudi ukilala ni henia mpaka ithibitike vinginevyo. Tundu dogo juu ya kovu linalotoa usaha, likafunga, likafunguka tena, mara nyingi ni uzi. Maumivu yaleyale ya zamani, kutoka kitovuni kwenda chini kulia pamoja na homa, yamtie daktari shaka ya kipande kilichobaki. Maumivu ya kukata yanayokuja kwa mawimbi, tumbo limejaa, matapishi ya kijani, na hewa haitoki chini: huo ni utumbo umeziba, na hapo hakuna kulala mpaka asubuhi.

Tahadhari moja. Kuwa na kovu si ushahidi kwamba kovu ndilo lenye kosa. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe mimba kabla ya chochote, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi haingoji. Kichocho cha mkojo, ambacho Pemba wanakijua vizuri, huleta maumivu ya chini ya kitovu. Mawe ya figo yapo, na uvimbe wa kizazi upo. Na yapo majina yetu ya nyumbani, chango, mshipa, ngiri, ambayo kila moja linabeba magonjwa kadhaa. Yatumie kumweleza daktari unachohisi, lakini usiyatumie kuchagua tiba.

Utumbo ulioziba: mpira wa puani au kisu

Hapa ndipo uchaguzi ulipo mgumu kweli, na ndipo familia zinapogombana na madaktari.

Sehemu za tumbo zilizoguswa na mkono wa daktari au na usaha huota nyuzi za kovu zinapopona. Utumbo hushikana na ukuta, au na utumbo mwenzake. Watu wengi wanaishi na nyuzi hizo mpaka wanazikwa nazo bila ya kujua. Kwa wachache, ukanda mmoja unaukunja utumbo mwembamba, na chakula, maji na hewa vinakwama nyuma yake. Inaweza kutokea miezi michache baada ya operesheni, na inaweza kutokea baada ya miaka thelathini. Aliyepasuliwa kwa mkato mdogo wa chini kulia, ule uliopewa jina la McBurney tangu 1894, ana hatari ndogo. Aliyefunguliwa katikati, kutoka juu ya kitovu kwenda chini, kwa kuwa kidole tumbo kilishapasuka na usaha kuenea, hatari yake ni kubwa zaidi.

Kusubiri, kwa maana ya hospitali, si kukaa nyumbani ukaona itakuwaje. Mgonjwa halishwi wala hanyweshwi kitu. Anapitishwa mpira puani mpaka tumboni ili yale maji ya kijani yatoke na utumbo upumzike. Anawekewa dripu ya kurudisha maji na chumvi, hasa potasiamu, kwa sababu potasiamu ikishuka utumbo wenyewe unakuwa mzito kusukuma. Anawekewa mpira wa mkojo ili ijulikane maji yanatosha au hayatoshi. Na muhimu kuliko yote, tumbo linakaguliwa kila baada ya saa chache, ikiwezekana na daktari yuleyule, kwa kuwa mkono uliogusa asubuhi ndio utakaojua jioni kwamba mambo yamebadilika.

Ukikaa na mgonjwa wa namna hii wodini utajifunza kusoma mfuko ulioning'inia kitandani. Siku ya kwanza maji yake ni mazito, kijani kilichokolea, pengine ya rangi ya tope, na mfuko unajaa haraka. Utumbo ukianza kufunguka, maji yanakuwa mepesi, ya manjano, halafu yanapungua mpaka muuguzi anamwaga kidogo tu kwa zamu nzima. Na swali linaulizwa bila haya kila anapopita:

"Bibi, umeshatoa hewa?"

"Bado, mwanangu."

"Ikitoka uniite, hata usiku."

Jibu la swali hilo lina thamani kuliko vipimo vingi vya maabara.

Kwa mgonjwa asiye na dalili za hatari, kusubiri kwa namna hii hufanikiwa kwa 70 hadi 90 kati ya kila 100. Hayo ndiyo makadirio ya mwongozo wa Bologna wa 2017, ambao madaktari wa upasuaji wa dharura duniani wanauegemea, na mwongozo huohuo unaweka mpaka: saa 72. Ikifika siku ya tatu na mfuko bado unajaa, kuendelea kungoja ni kuahirisha uamuzi tu.

Ipo njia ya kujua mapema zaidi. Dawa inayoonekana kwenye eksirei, aina ya Gastrografin, hupitishwa kwenye mpira wa puani baada ya tumbo kumwagwa, kisha picha hupigwa. Dawa ikionekana imefika utumbo mpana ndani ya saa 24, karibu kila mara mgonjwa atapona bila ya kupasuliwa. Isipofika, kisu kinakaribia. Uliza kama ipo. Si kila hospitali inayo kila siku, lakini kuuliza hakugharimu, na mara nyingine swali la ndugu ndilo linalofanya itafutwe.

Kisu kinakuwa cha lazima, bila ya kungoja saa 72 wala saa 7, pale maumivu yanapoacha kuja kwa mawimbi yakawa ya moja kwa moja, tumbo likawa gumu kama ubao, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio, au mgonjwa akaanza kuchanganyikiwa. Hapo utumbo umebanwa mpaka damu haifiki, na nyama isiyofikiwa na damu inaoza. Kila saa inayopita, sehemu ya kukatwa inarefuka. Familia inayosema "tungoje baba arudi safari ndipo tutie saini" mwishoni huweza kutia saini ya operesheni kubwa zaidi.

Kwa upande wa kisu chenyewe, njia ni mbili. Ya kwanza ni kufungua tumbo. Daktari anaona kila kitu na anafanya kazi kwa mikono yake, lakini utumbo ulioshikamana hutoboka kwa urahisi, na operesheni yenyewe inaotesha nyuzi mpya. Ya pili ni matundu madogo kwa kamera. Mgonjwa anaamka na maumivu machache na anarudi nyumbani mapema. Utafiti wa Finland na Italia uliochapishwa 2019 ulikuta wastani wa siku 4.2 hospitalini kwa matundu madogo na 5.5 kwa kufungua. Ila wale walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini, waliotarajiwa kuwa na ukanda mmoja tu. Utumbo ukiwa umevimba sana, kamera haina nafasi ya kupita, na hatari ya kutoboa ipo huko pia. Kwa bahati nzuri, aliyepasuliwa mara moja tu, tena kwa kidole tumbo, ndiye anayefaa zaidi kwa kamera.

Swali ambalo wazee huuliza, na wana haki kuliuliza: hautaziba tena? Unaweza. Kwa mwongozo huohuo, waliotibiwa bila kisu hurudi hospitalini 12 kati ya 100 ndani ya mwaka mmoja, na 20 ndani ya miaka mitano. Waliopasuliwa ni 8 na 16. Tofauti ipo, lakini ndogo. Ndiyo maana simuungi mkono anayedai apasuliwe siku ya kwanza "ili yaishe". Hayaishi. Kama dalili za hatari hazipo, mimi ningechagua mpira wa puani, na ningekuwa mkali sana juu ya saa 72.

Kisichokuwamo katika chaguo lolote ni haluli, mafuta ya mbarika, na kukandwa tumbo. Dawa ya kuharisha inaulazimisha utumbo usukume dhidi ya mlango uliofungwa. Mkandaji ana kazi yake, na wengi mikono yao ni ya baraka kwa mgongo na miguu, lakini tumbo linalotapika kijani si lake.

Pemba, Mjini, au Dar es Salaam

Aliye Unguja njia yake ni fupi. Hata akianzia Kivunge au Makunduchi, gari itamfikisha Mnazi Mmoja au Lumumba, hospitali za Mjini Unguja. Aliye Pemba ana hesabu ya bahari. Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa China na hupokea madaktari wa Kichina. Timu hizo zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, nyingi zikitoka jimbo la Jiangsu. Chake Chake na Wete nako kuna hospitali. Kwa utumbo ulioziba usio na dalili za hatari, mpira wa puani, dripu na jicho la daktari vinapatikana Pemba vizuri tu kama Mjini. Kumkimbiza mgonjwa kwenye boti kabla hata hajawekewa dripu, kwa kuwa "Mjini ndiko kuna madaktari," ni kumwongezea ugonjwa. Atatapika njia nzima na atafika amekauka.

Mwenye dalili za kuoza utumbo apasuliwe pale alipo, kama yupo daktari wa upasuaji na wa usingizi. Bahari haifai kukaa katikati ya mgonjwa huyo na chumba cha upasuaji. Anayefaa kusafiri ni yule aliyetulizwa, anayehitaji picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya tumbo kipande kwa kipande), au upasuaji wa kamera, au kitanda cha uangalizi maalumu. Asafiri mpira ukiwa puani, na dripu ikiwa mkononi. Kwa ndege ndogo ya Chake kwenda Unguja, kumbuka kwamba hewa iliyonaswa tumboni hupanuka ndege inapopanda. Mpira usifungwe, uachwe wazi kwenye mfuko wake. Na kabla ya kukata tiketi, pigeni simu mkaulize kama mashine mnayoifuata inafanya kazi wiki hiyo. Wapo waliovuka na kuambiwa fundi anangojwa.

Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar es Salaam, ningeifikiria kwa mambo mawili: utumbo uliokwisha pasuliwa mara kadhaa na bado unaziba, na majipu ya ndani yanayotakiwa kutolewa kwa sindano inayoongozwa na picha. Boti ya Unguja na Dar ni kama saa mbili, kwa hiyo safari yenyewe si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni mahali pa kufikia, ndugu wa kupika na kumlinda mgonjwa, na kazi aliyoiacha. Hayo yahesabiwe mapema. Mwenye kuchangia Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize kwa maandishi kama rufaa yake ya nje ya kisiwa inalipiwa, na ipi hasa.

Henia ya kwenye kovu: mkanda, sindano na uzi, au wavu

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni wa kweli. Tabaka la nguvu la tumbo limeachana chini ya ngozi, na kila kikohozi, kila ndoo ya maji, kila kujikamua chooni kunalivuta zaidi. Kwa mkato mdogo wa pembeni tatizo hili ni adimu. Kwa mkato wa katikati, hasa jeraha likiwa lilitunga usaha, ni la kawaida.

Mkanda wa tumbo unasaidia kwa siku za kazi na kwa safari. Hauzibi kitu. Ningeuchagua kwa mzee sana, au kwa mtu ambaye moyo au mapafu yake hayawezi kuhimili usingizi wa operesheni, au kwa mwanamke anayetarajia kuzaa tena karibuni na henia yake haimuumizi, kwa kuwa mimba inaweza kufumua kilichoshonwa. Kwa wengine mkanda ni kungoja tu, na henia yenye mlango mwembamba haiaminiki: utumbo huingia ukashindwa kutoka. Ikigoma kurudi, ikauma, ikabadilika rangi, mkanda utupwe na gari liitwe.

Kati ya kushona tu na kuweka wavu, yaani kitambaa cha vitundu kinachoshonewa penye ufa ili kuupa nguvu, ushahidi hauna utata. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000 uliwagawa wagonjwa mafungu mawili. Baada ya miaka mitatu, henia ilikuwa imerudi kwa 43 kati ya 100 walioshonwa tu, na kwa 24 kati ya 100 waliowekewa wavu. Baada ya miaka kumi, pengo lilizidi: 63 kwa 32. Hata wavu, basi, si dhamana. Lakini kwa aliyeshonwa tu, henia ina nafasi kubwa zaidi ya kurudi kuliko ya kutorudi.

Wapo wanaouogopa wavu kwa kuwa ni kitu kigeni kinachobaki mwilini maisha yote. Hofu hiyo ina msingi mmoja: ukiingia vijidudu, kuutoa ni kazi. Kwa hiyo wavu hauwekwi juu ya jeraha linalotoa usaha. Kwanza usaha uishe, ngozi ipone, miezi ipite. Mwenye kisukari aishushe sukari, mvuta sigara aache wiki nne kabla, maana kikohozi na damu isiyofika vizuri ndivyo vinavyofumua mshono. Bei ya wavu nayo ni kikwazo. Hapa nina jambo la kutia moyo kutoka jirani zetu. Mashariki mwa Uganda wanaume 302 wenye henia ya kinena walitibiwa, baadhi kwa wavu wa kiwandani na baadhi kwa wavu wa bei ndogo, kitambaa cha aina ya chandarua kilichosafishwa kitaalamu. Matokeo, yaliyochapishwa 2016, yalikaribiana mno. Hiyo ilikuwa henia ya kinena, si ya kovu la tumbo, na si ruhusa ya mtu kwenda dukani Darajani kununua chandarua. Inaonyesha tu kwamba bei ya juu si lazima iwe ndiyo ubora.

Chaguo langu: wavu, kwa mpango, mtu akiwa mzima, kabla haijawa dharura.

Usaha usiokoma kwenye kovu

Hili halihitaji maneno mengi, ila linachukua miaka ya watu. Kidonda kidogo kinatoa usaha, mgonjwa anapewa antibayotiki, kinakauka wiki mbili, kinafunguka. Anapewa antibayotiki nyingine, kali zaidi. Wakati huo uzi usioyeyuka uko palepale chini ya ngozi, na vijidudu vimeung'ang'ania mahali dawa haifiki. Ganzi kidogo, mkato wa sentimita mbili, uzi unatolewa kwa kibanio, kidonda kinaachwa wazi kikifungwa gozi kila siku, basi. Kati ya dozi ya nne ya vidonge na mkato huo mdogo, chagua mkato. Ikiwa uzi haukuonekana na usaha unaendelea, kipande cha nyama kipimwe kifua kikuu, na iangaliwe kama tundu halijafika kwenye utumbo. Ukiona kinachotoka kina harufu au rangi ya choo, usikubali kufungwa bandeji na kurudishwa nyumbani.

Kovu lililovimba na kuwasha, keloidi, ni habari nyingine. Kulikata peke yake ni kulialika lirudi kubwa zaidi. Sindano za triamsinoloni, dawa ya aina ya steroidi, zinazochomwa ndani ya kovu kila baada ya wiki kadhaa hulilainisha, na kama litakatwa, likatwe pamoja na sindano hizo.

Kipande kilichobaki, na jipu la kuchelewa

"Mimi nilishatolewa kidole tumbo." Sentensi hiyo huwafunga madaktari macho. Kidole tumbo kikikatwa mbali na mzizi wake, kikabaki kisiki kirefu, zaidi ya nusu sentimita, kisiki hicho kinaweza kuvimba kama kidole kizima. Ni nadra sana. Lakini kwa kuwa hakuna anayekifikiria, hugunduliwa kikiwa kimeshapasuka. Altrasaundi ya mtu mzoefu inaweza kukiona. CT inakiona vizuri zaidi. Antibayotiki peke yake inatuliza, lakini kisiki kinabaki na kinaweza kuvimba tena. Kama mgonjwa ana nguvu na hakuna jipu kubwa, kikatwe kimalizwe. Kama lipo jipu, antibayotiki na kulikamua kwanza, kisiki baadaye.

Majipu ya ndani mengi huja ndani ya wiki mbili tatu za operesheni. Ya kuchelewa miezi yana sababu, na mojawapo ni kijiwe cha choo kilichodondoka wakati kidole tumbo kinatolewa, kikabaki tumboni. Jipu dogo, chini ya sentimita tatu hivi, mara nyingi hupona kwa dawa. Kubwa hutolewa kwa sindano na mrija unaoongozwa na altrasaundi, njia ninayoipendelea kuliko kufungua tumbo zima kwa ajili ya kikombe cha usaha. Ila likirudi mara ya pili mahali palepale, kuendelea kulikamua hakutoshi. Kijiwe kitafutwe kwenye picha na kitolewe, na hapo kisu au kamera ndiyo njia.

Kovu linalouma bila sababu kuonekana

Picha safi, damu safi, choo kinapita, lakini panauma. Mgonjwa wa namna hii huzungushwa, huitwa mvivu, na mwishoni huomba mwenyewe afunguliwe "wakate hizo nyuzi". Uholanzi walijaribu jambo hili kwa uadilifu. Mwaka 2003 walichapisha habari za wagonjwa 100 wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu na nyuzi zilizoonekana kwa kamera. Nusu walikatwa nyuzi, nusu waliangaliwa tu kwa kamera na kufungwa, na wenyewe hawakuambiwa ni fungu lipi. Baada ya mwaka, mafungu yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Kukata nyuzi kwa ajili ya maumivu peke yake, basi, ni kubeba hatari ya kutobolewa utumbo kwa faida ambayo haikuonekana.

Kama kipimo cha kunyanyua kichwa kimeonyesha maumivu ni ya ukuta, sindano ya ganzi palepale penye nukta ya maumivu ni kipimo na tiba kwa pamoja. Maumivu yakishuka kwa nusu au zaidi ndani ya dakika chache, mshipa wa fahamu ndiye mhusika, na sindano inaweza kurudiwa. Hapa hospitali ya wilaya inatosha kabisa, bila ya boti wala rufaa.

Chakula kinaulizwa sana, hasa na waliowahi kuziba utumbo. Wiki za mwanzo, kula kidogo mara nyingi, na utafune. Fenesi, embe la nyuzi, na ngozi nyeupe za chungwa ndizo za kuogopa, kwani nyuzi zake zinaweza kufungana donge mahali utumbo ulipobanwa. Fyonza maji ya chungwa, makapi uteme. Kwenye mwezi wa Ramadhani, aliyetoka hospitalini karibuni amuulize daktari kabla ya kufunga, kwa kuwa mwili uliokauka unaongeza ugumu wa choo. Na anayefunga asifungue kwa sinia zima la muhogo wa nazi kwa mkupuo mmoja.

Popote mtakapokwenda, nendeni na karatasi ya operesheni ya kwanza, si kadi ya ruhusa peke yake. Inayotakiwa ni ile inayosema mkato ulikuwa wapi, kidole tumbo kilikuwa kimepasuka au la, mzizi ulikatwa vipi, mrija uliachwa au haukuachwa, na uzi gani ulitumika kushonea. Kama hamnayo, iombeni kwenye hospitali iliyofanya kazi hiyo kabla faili halijapotea, na mkishaipata, ipigeni picha kwa simu ya zaidi ya mtu mmoja.